Mashine ya Gololi Haitaki Fundi wa Kubahatisha

Msikilizaji, mashine kongwe ya gololi inapoharibika, dalili inayowasumbua wenye nazo kuliko zote ni hii: unabonyeza kitufe cha kuanzia, taa zinawaka, mota iliyomo ndani ya kasha inaanza kuzunguka, ngoma za namba zinatiktika kurudi kwenye sifuri, halafu mota haisimami. Inazunguka, inazunguka, na mchezo hauanzi. Hapo wapo wanaochomoa plagi na kutangaza kwamba mota imekufa, wakaanza kuulizia ya kununua. Wapo wengine wanaoshika tupa, wakafungua kasha, wakasugua kila swichi inayofikiwa na mkono, kwa imani kwamba mojawapo lazima itakuwa ndiyo yenye ugonjwa. Ninachotaka kukitetea leo ni kwamba makundi haya mawili yamekosea, na kosa lao ni lile lile: mkono umetangulia jicho. Mashine ya aina hii, iliyoundwa kabla kompyuta haijaingia kwenye michezo, hutengenezwa kwa kusomwa. Yenyewe inaonyesha ilipokwama, na mara nyingi sana hakuna chochote kilichokufa ndani yake.

Kwa ambaye hajawahi kusimama mbele yake, hili ni kasha refu la mbao lenye miguu minne, limefunikwa kioo, na chini ya kioo kuna ubao uliolala kwa mteremko kumwelekea mchezaji. Gololi ya chuma yenye uzito wa gramu 80 hivi inarushwa kwa springi mpaka juu, kisha inashuka ikijigonga huku na huku, na kila inapogonga, alama zinaongezeka kwenye kichwa cha mashine. Mchezaji anajitahidi gololi isipotelee chini, na chombo chake ni flipa, vile vibao vidogo vinavyopigwa kwa vitufe vya ubavuni. Mji wake ni Chicago. Huko ndiko kampuni ya Gottlieb ilikotoa Baffle Ball mwaka 1931, mchezo wa kuweka mezani usio na umeme hata kidogo. Umeme ulikuja mwaka 1933 huko California, Harry Williams alipotoa Contact, ambayo betri zake zilitosha kuirusha gololi na kugonga kengele. Flipa zilianza mwaka 1947 katika Humpty Dumpty ya Gottlieb, iliyobuniwa na Harry Mabs. Zilikuwa sita, zimepangwa ubavuni, na hazikuwa na nguvu ya kutisha. Mwaka uliofuata Steve Kordek wa kampuni ya Genco aliweka mbili tu, pale chini gololi inapopotelea, na karibu kila mtu akamfuata. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa miaka ya 1970, Gottlieb, Williams, Bally na Chicago Coin waliendelea kutengeneza mashine zinazofanya hesabu kwa koili, sumaku na swichi. Hizo ndizo tunazozizungumzia.

Ukifungua kichwa cha mashine kama hiyo hutakuta chipu hata moja. Utakuta ngoma zenye namba 0 hadi 9, kila moja ikisukumwa hatua moja na koili yake. Utakuta rilei, yaani sumaku ya umeme inayovuta kibamba cha chuma, nacho kibamba kinasogeza swichi kadhaa kwa pamoja, nyingine zigusane na nyingine ziachane. Utakuta magurudumu ya hatua yanayokumbuka mchezaji yupo kwenye gololi ya ngapi na ana michezo mingapi ya bure. Na chini, sakafuni mwa kasha, ipo ile mota yenye visahani vya mapengo vinavyobonyeza safu za swichi kwa zamu. Kumbukumbu yote ya mashine ni mahali chuma kilipokaa. Ngoma ikiwa kwenye 7, mashine inajua 7, na hakuna mahali pengine ilipoiandika. Hoja yangu yote inasimama juu ya jambo hili. Katika redio ya kisasa au simu, hali ya ndani haionekani, na fundi analazimika kukisia au kupima. Katika mashine hii hali ya ndani ndiyo hiyo unayoitazama kwa macho mawili, na ukizima umeme, ngoma na magurudumu ya hatua yanabaki pale pale yalipokuwa mashine ilipokwama, yanakusubiri.

Turudi kwa mota isiyosimama, tuone kusoma maana yake nini. Ukianzisha mchezo, rilei ya kuanzia inavuta na kuiamsha mota. Mota, kupitia visahani vyake, inatoa mapigo ya umeme kwenda kwa koili za ngoma. Kila ngoma ina swichi yake ya sifuri: maadamu haijafika sifuri, swichi inagusana na mapigo yanapita, ikifika, swichi inaachana na ngoma hiyo inaachwa ipumzike. Zote zikifika, rilei inaachia, mota inamalizia mzunguko wake na kusimama. Hakuna ngoma inayohitaji zaidi ya mapigo tisa, maana hata iliyo kwenye 1 ikisukumwa mara tisa imeshafika. Kwa hiyo mota inayozunguka kupita sekunde chache si mota mbovu. Ni mota nzima kabisa, inayofanya kazi iliyoagizwa, kwa sababu kuna mahali ambapo taarifa ya kufika haijapatikana. Aliyekwenda kununua mota amekwenda kubadilisha kitu pekee ambacho mashine imethibitisha mbele yake kwamba ni kizima.

Sasa tazama ngoma. Kama moja imegoma kwenye 4 wakati wenzake wamefika, ugonjwa upo kwa hiyo. Isikilize: koili yake inapiga au iko kimya? Ikipiga bila ngoma kusogea, tatizo ni la chuma, pengine kidole kinachosukuma meno kimenasa au springi yake imechoka. Ikiwa kimya, umeme haufiki, na njia ya umeme huo ni fupi, swichi chache tu za kukagua. Lakini kama ngoma inazunguka bila kikomo, inapita sifuri na kuendelea, basi koili ni nzima, kidole ni kizima, umeme upo. Swichi ya sifuri ndiyo haiachani, imepinda au imenata. Na kama ngoma zote zimetulia kwenye sifuri na mota bado inazunguka, ziache ngoma zenyewe. Kuna rilei iliyonasa, au gurudumu la kuhesabu gololi halijarudi mwanzo, au mojawapo ya swichi za ngoma zinazopeleka taarifa kwa rilei haijafanya kazi yake. Dalili moja, vyanzo vitatu tofauti, na umevitenganisha kwa kutazama tu, bisibisi ikiwa bado mfukoni.

Mfano wa pili ni wa hila zaidi, nao unawapata hata wazoefu. Gololi inagonga shabaha ya alama 50, na ngoma inapanda 40. Mashine haina namna ya kuandika 50 kwa mkupuo. Inaandika 10 mara tano. Shabaha inaamsha rilei, rilei inajishikilia yenyewe kupitia swichi yake, mota inazunguka, na katika mashine nyingi za Gottlieb theluthi ya mzunguko mmoja inatoa mapigo matano. Pigo moja limepotea njiani. Lilipotelea wapi? Jibu liko katika tabia ya kosa. Ikiwa ni 40 kila mara, bila kubadilika, shuku mota na visahani vyake, kwa kuwa kisahani kilekile kinapita palepale kila mzunguko. Ikiwa leo ni 40, baadaye 50, mara 30, shuku ngoma ambayo imekuwa nzito na haiwahi kurudi kabla ya pigo linalofuata. Unaweza kuhakikisha zaidi kwa kubonyeza taratibu swichi ya alama 10 iliyoko ubaoni: ngoma ikipanda vizuri moja moja, lakini ikajikwaa mapigo yanapokuja mfululizo, uzito umethibitika. Kosa lenye mpangilio lina chanzo chenye mpangilio. Sijui kanuni nyingine ya ufundi wa nyumbani yenye faida kubwa kwa gharama ndogo kama hii.

Naijua hoja inayokuja, na ina watetezi wenye uzoefu mkubwa. Wanasema: mashine imelala gereji miaka 30, ina mamia ya swichi, kila moja ina vumbi. Kutafuta kosa mojamoja ni kupoteza muda, kwa sababu ukiliponya hili litaibuka lingine kesho. Safisha zote kwanza, kurekebisha baadaye. Hoja hii nusu yake ni kweli tupu, na hiyo nusu naikubali bila kunung'unika. Adui mkubwa wa mashine hizi ni kukaa bila kuchezwa, si kuchezwa sana. Grisi iliyopakwa kwenye magurudumu ya hatua na ngoma mwaka 1965 leo imekuwa gundi ya kahawia. Koili inavuta, gurudumu linakwenda, lakini springi haina nguvu ya kulirudisha. Ugonjwa huu hauchagui. Ukiukuta kwenye gurudumu moja, uko kwenye yote. Kwa hiyo ndiyo, fungua kila gurudumu, lioshe kwa spiriti, lifute mpaka chuma kionekane, kisha lirudishe likiwa kavu au na grisi kiduchu mno mahali chuma kinaposuguana na chuma. Ndani ya koili usitie chochote, chuma chake kinateleza kikavu. Na yale mafuta ya kupulizia ambayo kila nyumba inayo, yaache kabatini. Yanakamata vumbi, na yakipulizwa kwenye swichi zinazotoa cheche yanaweza kuwaka moto.

Nusu ya pili ya hoja ndiyo ninayoikataa: kusugua swichi zote. Ili kuona kwa nini, itazame swichi moja kwa karibu. Ni ndimi mbili nyembamba za shaba, mmoja mrefu na mmoja mfupi, zimebanwa mkiani kwa skrubu mbili pamoja na vipande vya faiba ya kahawia vinavyozitenganisha. Kwenye ncha ya kila ulimi kuna kidoti cha madini ya fedha, kidogo kuliko punje ya mtama. Zikiwa zimepumzika, kati ya vidoti viwili kuna nafasi ya milimita moja na nusu hivi. Zikigusana, ulimi mrefu hautakiwi kuishia palepale. Unatakiwa uendelee kidogo, uusukume na ule mfupi, ili vidoti visuguane kidogo kila vinapokutana. Msuguano huo ndio unaovisafisha. Swichi iliyopangwa vizuri inajisafisha kila inapofanya kazi. Tena utando mweusi unaojengeka juu ya fedha bado unapitisha umeme vya kutosha kwa kazi nyingi za mashine hii, kwa hiyo weusi peke yake si ushahidi wa ugonjwa. Anayepitisha tupa anaondoa fedha ambayo hairudi, anaacha mikwaruzo inayokamata uchafu, na, jambo ambalo ndilo baya zaidi, anausukuma ulimi kutoka mahali pake. Amesugua swichi iliyokuwa inafanya kazi, ameacha nyuma yake iliyopinda. Mashine iliyoingia na kosa moja inatoka na saba, na sasa makosa hayo hayana mpangilio wowote, kwa hiyo hata yule anayejua kusoma hana cha kusoma.

Swichi iliyothibitika kuwa na tabu inatosha kufutwa kwa kipande cha kadi kilicholoweshwa spiriti, kikapitishwa katikati ya vidoti vilivyobanwa kidogo kwa vidole. Tupa ina mahali pake, nayo ni kwenye vidoti vya tungsteni, hasa swichi za flipa zinazobeba mkondo mkubwa. Tungsteni ni ngumu, na utando wake haupitishi umeme kama ule wa fedha. Kabla ya kupinda ulimi wowote, kaza zile skrubu mbili za mkiani. Faiba husinyaa kwa miaka, rundo zima linalegea, na ndimi zinahama bila mtu kuzigusa. Ni mara nyingi ajabu kwamba ukikaza skrubu, swichi inarudi ilipokuwa siku ilipotoka kiwandani, na hakuna cha kupinda tena.

Nimesema mara nyingi hakuna kilichokufa. Sikusema kila mara, na flipa ndizo zinazonikumbusha mpaka huo. Koili ya flipa ina nyaya za aina mbili zilizoviringwa pamoja: uzi mnene wenye upinzani wa omu chache, unaotoa kipigo kikali, na uzi mwembamba wenye upinzani mkubwa zaidi, unaoishikilia flipa juu bila kuchemka. Swichi moja ndogo iliyo mwishoni mwa mwendo ndiyo inayobadilisha zamu. Flipa ikifika juu, inaiachanisha swichi hiyo kwa milimita mbili au tatu, na umeme unalazimika kupita kwenye uzi mwembamba. Swichi hiyo isipoachana, mchezaji anayeng'ang'ania kitufe anaichoma koili kwa mkono wake mwenyewe, na harufu itamjulisha. Ikiachana mapema au ikiwa na uchafu, flipa inakuwa dhaifu, na mwenye mashine anaagiza koili yenye nguvu zaidi kumbe kilichohitajika ni kipande kidogo cha tungsteni kusafishwa. Na hapa pana mambo yanayochakaa kweli: bushi za flipa, ncha za vyuma vinavyogonga mwisho wa koili mpaka vikatanuka kama uyoga, mipira inayopasuka. Hivyo vinabadilishwa, wala hakuna falsafa ndani yake.

Vilevile kuna koili zilizoundwa kwa pigo la mara moja, kama zile za ngoma na za bampa, yaani vile vinundu vya ubaoni vinavyoirusha gololi inapovigusa. Swichi yake ikinata, umeme ukapita mfululizo, koili itaungua ndani ya dakika chache. Fyuzi ingepaswa kuokoa, lakini fyuzi yenyewe inataka kukaguliwa kabla ya kuaminiwa, maana hujui nani alitangulia humo ndani. Mashine hizi zilikaa kwenye baa na mikahawa, na mtu aliyetaka ilipe usiku ule alifanya alichoweza: fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa, fyuzi iliyoviringishiwa karatasi ya bati, waya uliokatwa ili kengele inyamaze, kipande cha kadi kilichochomekwa kati ya ndimi. Kwa hiyo somo la kwanza la mashine ni kusoma mafundi waliopita. Linganisha kila fyuzi na kibandiko kilicho pembeni yake, na kila lehemu inayong'aa tofauti na majirani zake iulizwe imefika lini.

Kuna wanaosema hayo yote yanawezekana kwa mhandisi, lakini mtu wa kawaida akikunjua mchoro wa umeme wa mashine, karatasi pana kuliko meza ya kulia chakula, anachoka kabla hajaanza. Ni kweli inatisha ukiitazama nzima, ila hakuna kosa linalokutaka uitazame nzima. Mchoro umepangwa kama ngazi: waya mkuu upande mmoja, waya mkuu upande wa pili, na kati yake vipandio vingi, kila kipandio kikiwa na swichi kadhaa zinazoishia kwenye koili moja. Tafuta koili isiyofanya kazi, shika kipandio chake, sahau vingine. Swichi za kipandio kimoja zimeshikana kama watu waliojipanga mstari kupitishiana ndoo za maji. Mmoja akilegea, maji hayafiki, hata wengine wote wawe na nguvu. Unachukua waya wenye klipu pande zote mbili, unaruka swichi moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Koili ikivuta ghafla, umemkamata aliyelegea. Hiyo si hesabu ya chuo kikuu. Jambo moja tu linawapoteza wengi: pembeni mwa mchoro kuna maandishi madogo yanayosema mashine ilikuwa katika hali gani ulipochorwa, kwa mfano imeshawekwa tayari kwa gololi ya kwanza, alama zote sifuri. Swichi inayoonyeshwa imegusana pale imegusana katika hali hiyo, si katika hali nyingine. Asiyesoma mstari huo atapima swichi nzima na kuiita mbovu.

Hoja ya hatari ni nzito kuliko ya ugumu, na sitaipunguza. Sehemu kubwa ya mashine inafanya kazi kwa volti 24 hadi 50 hivi kwa koili, na volti 6 kwa taa. Hizo hazimdhuru mtu kirahisi, ingawa zinaweza kuchoma pete iliyo kidoleni. Lakini kabla ya transfoma kuna umeme wa ukutani, nao unaua. Mashine nyingi za zamani zilikuja na plagi ya pini mbili, bila waya wa ethi, wakati mlango wa sarafu, miguu na ukanda wa mbele anaoushika mchezaji ni chuma kitupu. Waya wa ndani ukichubuka na kugusa chuma hicho, mchezaji anakuwa ndiye ethi. Hivyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kujaribu kuiwasha, ni kubadilisha waya wa umeme uwe wa nyuzi tatu na kuunganisha ethi kwenye vyuma vyote vinavyoguswa. Asiyejua kufanya hivyo amwite fundi umeme kwa kazi hiyo peke yake. Kusafisha na kupinda kunafanyika plagi ikiwa imechomolewa, si swichi ikiwa imezimwa. Na kwa wasikilizaji wa Tanzania na Kenya, au popote penye volti 230 au 240, mashine iliyotengenezewa Marekani kwa volti 110 hadi 120 haichomekwi ukutani bila transfoma ya kushusha umeme, na hata ikishushiwa, mota yake iliyozoea hezi 60 itazunguka taratibu zaidi kwa hezi 50 zetu. Zilizosafirishwa Ulaya mara nyingi zina transfoma yenye matundu ya volti tofauti. Angalia waya umelehemiwa tundu gani. Hatari hii ni halisi, lakini inakaa sehemu moja inayojulikana, na inazibwa mara moja.

Imebaki hoja ya mwisho, ya wale wasioona sababu: kwa nini kuhangaika na rilei, wakati mashine za baadaye zina kompyuta na hata zinajipima zenyewe? Kwanza niseme kwamba hofu ya mashine hizi kugoma ni ya zamani. New York ilizipiga marufuku mwaka 1942, zama za meya Fiorello La Guardia, kwa madai kwamba ni kamari, mchezo wa bahati tu. Mwaka 1976 mwandishi Roger Sharpe alipokwenda kuwaonyesha madiwani kwamba kuna ustadi ndani yake, mashine zilikuwa mbili, ya pili ikiwa ya akiba endapo ya kwanza ingegoma. Madiwani wakataka acheze kwenye ile ya akiba. Akatangaza gololi itapita njia ipi kabla ya kuirusha, ikapita hiyo hiyo, na marufuku ikaondolewa. Lakini upande wa matengenezo, kompyuta haikuleta wepesi ambao watu wanaudhani. Mashine nyingi za mwanzo za kompyuta, kuanzia mwaka 1977 hivi, zilikuwa na betri zilizolehemiwa juu ya bodi ili alama za juu zisisahaulike; betri hizo zilivuja, na kemikali yake ikala shaba ya bodi, kwa namna ambayo haionekani mpaka mambo yameharibika. Mashine za Gottlieb za kizazi hicho zilitumia chipu maalumu kutoka Rockwell ambazo hazitengenezwi tena, na wengi walio nazo leo wanatoa bodi nzima na kuweka mpya ya kisasa. Ni suluhisho halali, silidharau. Ila ni kubadilisha, na anayebadilisha anategemea kiwanda kimoja kiendelee kuwepo. Rilei ya mwaka 1958 inamtaka mtu mwenye macho, spiriti, na kipande cha kadi.

Hata hivyo kuna kitu kimoja ambacho kusoma kote huku hakukiokoi, nacho ni rangi. Picha iliyo kwenye kioo cha kichwa imechapwa upande wa nyuma, na joto la taa za ndani pamoja na unyevu huidhoofisha, ikaanza kubanduka vipande vipande. Hakuna mchoro wa umeme utakaoirudisha. Unachoweza ni kupunguza joto: taa za awali za namba 44 zinavuta miliampia 250 kila moja, wakati namba 47, zinazoingia kwenye soketi ile ile, zinavuta 150. Mwanga unapungua kidogo, transfoma inapumua, na ile rangi iliyobaki inapewa miaka zaidi. Zibadilishe zote siku hiyo hiyo utakayoikagua mashine kwa mara ya kwanza, kichwa kikiwa bado wazi.